Walimu wenzangu, mwili wa mtoto si vazi la igizo!

Nilipotea kidogo, nilikuwa kwenye mazoezi ya kufundisha, ile miezi ambayo sisi wa ualimu tunaitwa "Madamu" kabla ya wakati wetu. Nimerudi chuoni na kitu kimenikaba kooni, na kwa kuwa mwenzangu wa chumbani amechoka kunisikiliza, leo ni zamu yenu.

Mnalijua lile igizo la UKIMWI la kwenye mahafali. Msiniambie hamlijui! Limekuwepo tangu tukiwa wadogo. Kuna kijana wa mjini anayeringa, kuna dada wa baa, halafu mwisho analetwa mgonjwa kwenye mkeka, kajifunika shuka, anakohoa, anakufa, mama analia, mgeni rasmi anatikisa kichwa. Makofi. Pilau na soda.

Basi shule niliyopangiwa ikawa na mahafali ya kidato cha nne, nami nikapewa kazi ya kumsaidia mwalimu wa utamaduni. Siku ya kugawa nafasi aliwapanga watoto wa kidato cha kwanza mstari, akawapitia kwa macho kama anayechagua kuku sokoni. Akasimama mbele ya mtoto mmoja, mwembamba kweli kweli. "Wewe ndiye mgonjwa. Wewe hata unga hatukupaki." Wote wakacheka. Mtoto naye akacheka. Na mimi, niliyesoma saikolojia ya elimu muhula mzima na kufaulu vizuri tu, nikacheka, kisha nikaandika jina lake kwenye daftari.

Mtoto hakukataa. Sisi wakubwa tunapenda hivyo, asipokataa tunasema kakubali. Lakini oneni alivyofanya. Wiki ya kwanza alikuwa anawahi kucheka kabla ya wenzake, ili utani uonekane ni wake. Wiki ya pili akaanza kuja mazoezini kavaa sweta ndani ya shati, na joto lote lile la Pwani! Nikamuuliza kama anaumwa, akasema hapana. Kesho yake sweta zikawa mbili. Ilinichukua siku tatu, msomi mzima, kuelewa kwamba mtoto anajinenepesha.

Siku moja akabaki nyuma wenzake walipotoka. "Samahani Madamu. Kwani huyu mgonjwa kwa nini hapewi dawa?"

Nikamjibu igizo ndivyo lilivyoandikwa. Akasema, "Sawa Madamu," akaenda kukunja mkeka.

Sasa nawauliza, pale mwalimu alikuwa nani? Dawa za ARV zinatolewa bure nchini kwetu tangu mwaka 2004. Anayezinywa vizuri anaishi, analima, anazaa, na virusi vikishuka hadi visionekane kwenye kipimo hamwambukizi mwenzi wake. Sheria ya Ukimwi ya mwaka 2008 inakataza unyanyapaa. Sisi tunasimama mbele ya wazazi na kuwafundisha watoto kwamba mwenye virusi ni mtu mwembamba anayekohoa kwenye mkeka. Huo ni uongo, na tuliusema kwa kutumia mwili wa mtoto wa miaka kumi na tatu! Na katika darasa lile, nani aliuliza ni watoto wangapi nyumbani kwao kuna mtu anayekunywa vidonge kila siku? Hakuna aliyeuliza. Mimi pia sikuuliza.

Siku ya mahafali akaigiza. Akakohoa vizuri, akafa vizuri, watu wakaja kumtunza hela pale pale mkekani. Kabla ya jua kuzama alikuwa na jina jipya: Miwaya. Mnajua maana yake, mtu "aliyekanyaga miwaya". Jumatatu nikalisikia bombani, Jumanne darasani kwangu, wakati naita mahudhurio.

Nilipokwenda kulalamika, mwalimu akaniambia, "Si umeona alivyotunzwa? Zile hela mbona kachukua?" Ndiyo, kachukua. Wewe ungeziacha?

Najua mtasema igizo ni igizo tu, mbona lazima mtu awe mgonjwa, na mtoto anajifunza ujasiri. Nakubali lazima mtu awe mgonjwa. Lakini mwigizaji ni mtu anayevaa asichokuwa nacho, na akitoka anakivua. Anayeigiza mlevi anaiacha chupa nyuma ya pazia. Huyu wembamba wake angeuvulia wapi? Ukimpa mtoto mnene nafasi ya fisadi, mwenye kigugumizi nafasi ya bubu, na yule ambaye baba yake anajulikana kijiji kizima kwa pombe nafasi ya mlevi, hapo hakuna sanaa. Umeuchukua utani wa uani ukaupandisha jukwaani, ukaugongea muhuri wa shule.

Na wala si kwamba hatujui njia nyingine. Hapa hapa nchini, mwaka 1996, walimu wa sanaa za maonyesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Penina Mlama na Amandina Lihamba, walianzisha TUSEME. Humo wasichana wa sekondari wanataja matatizo yao wenyewe na kuyatungia igizo wenyewe. Mtoto anaseme kitu, hasemwi. Yule kijana angepewa nafasi hiyo, igizo letu lingeanza na swali lake: kwa nini hapewi dawa?

Kwa hiyo walimu wenzangu, na ninyi mnaokwenda mazoezini mwakani: waulize watoto nani anataka nafasi gani, faraghani, si mbele ya mstari. Nafasi ya aibu mpe anayeitaka na asiyefanana nayo. Igizo likiisha, mwite kila mmoja jukwaani kwa jina lake halisi. Haigharimu hata shilingi.

Mimi nilichelewa. Wiki yangu ya mwisho nilimwita, nikamwomba radhi, nikamwambia swali lake lilikuwa zuri kuliko igizo zima. Akanisikiliza kwa adabu, mikono nyuma. "Sawa Madamu." Alikuwa bado kavaa sweta.

Ni hayo tu kwa leo.