Usinunue tumbawe jingine kabla ya kujua kilichoua la kwanza

Kuna mtindo fulani miongoni mwetu vijana tunaofuga viumbe wa baharini nyumbani, na kusema kweli unaniudhi. Tumbawe likianza kupauka, mtu anakimbilia dukani. Anarudi na chupa mbili za dawa, anamimina zote jioni hiyo hiyo, na wiki haijaisha tumbawe limebaki mfupa mweupe. Kisha huyo, dukani tena, safari hii kununua jipya. Kama huwezi kueleza kwa nini la kwanza lilikufa, hilo la pili unalipeleka kaburi lile lile.

Kumbuka umeshika nini mkononi. Tumbawe si jiwe wala ua la plastiki. Ni mnyama, au tuseme kijiji cha wanyama wadogo waliojijengea nyumba moja ya chokaa. Ndani ya nyama yao huishi mwani mdogo usioonekana kwa macho, unaotumia mwanga kutengeneza chakula na kuwagawia wenyeji wake. Matumbawe magumu yako kwenye orodha ya mkataba wa CITES, kwa hivyo biashara yake kati ya nchi na nchi inahitaji vibali. Na usidhani utayapata bure Malindi au Watamu. Hizo ni hifadhi tangu 1968, na kung'oa tumbawe huko ni kosa.

Sasa hebu tulisome tumbawe lenyewe, maana huwa linasema. Likipauka lakini nyama bado ipo, ule mwani umetoka. Mshukiwa wa kwanza ni joto, wa pili ni taa mpya yenye mwanga mkali kuliko ya zamani, na wa tatu huwashangaza wengi: maji yaliyosafishwa kupita kiasi hadi nitrati na fosfati zikasoma sufuri. Tumbawe nalo hula. Likigeuka kahawia badala ya kupauka, geuza hesabu: huenda mwanga ni haba au uchafu majini umezidi. Nyama ikibanduka kuanzia chini kwenda juu, pima ualkali kabla ya kitu kingine chochote. Ukiona vidonda kama vya kuumwa, subiri usiku, zima taa, umulike kwa tochi. Kuna minyoo bapa na konokono wasio na gamba ambao kazi yao ni kula matumbawe, na mchana hujificha.

Kuhusu ualkali, watu hubishana kama uwe 7 au 9 kwa kipimo cha dKH. Mimi sioni faida ya ubishi huo. Tangi lenye 8 kila siku litalea matumbawe vizuri kuliko lenye 7 leo na 10 kesho kwa sababu mwenyewe aliamka na hamu ya kumimina chupa. Matumbawe hutumia ualkali na kalsiamu kujenga mifupa, kwa hivyo kadiri yanavyokua ndivyo yanavyovinywa haraka. Kiasi kilichokutosha Januari hakitakutosha Juni.

Chumvi nayo husahaulika. Maji yanapokauka kwa jua na taa, chumvi haiendi popote. Tangi la lita 100 likipoteza lita 3 bila kujaziwa, chumvi inapanda kutoka 35 hadi 36 kwa kila elfu. Unayeongezea maji ya chumvi badala ya maji matamu unaipandisha zaidi kila siku, huku ukilaumu taa. Hayo maji matamu nayo yachujwe vizuri. Ya mfereji yana klorini, na visima vingi vya Nairobi na Bonde la Ufa vina floraidi nyingi.

Lakini mambo yanayonivutia zaidi hayamo kwenye vitabu vya wazungu wa hobi hii, kwa sababu nyumba zao si zetu. Kwetu stima hupotea. Zikipotea usiku wa Julai jijini Nairobi, hita inazimika, maji yanapoa, na pampu ikisimama hewa majini inapungua wakati ambapo kila kiumbe ndani ya tangi kinaihitaji. Aliye Mombasa ana tatizo la kinyume, yaani Machi maji yake yanachemka. Tena ile saa ya kuwashia taa husimama pamoja na stima. Stima zikikaa saa tano nje, kesho taa zitachelewa saa tano, na usipoichunguza utashangaa tangi linang'aa usiku wa manane.

Halafu kuna dawa ya mbu. Nyingi za kupulizia zina kemikali zilizoigwa kutoka kwa ua la pareto, lile lile linalokuzwa Nakuru na Nyandarua. Ni sumu kali kwa samaki na kamba, na pampu ya hewa huivuta kutoka sebuleni moja kwa moja hadi majini. Kwa hivyo kabla ya kununua chochote, waulize wa nyumbani: nani alipuliza nini, na lini? Swali hilo halina gharama.

Usidhani nakuza mambo. Mwaka 1998 bahari ilipopata joto lisilo la kawaida, Pwani yetu ilipoteza sehemu kubwa ya matumbawe yake. Nyuzi moja au mbili juu ya kiangazi cha kawaida, kwa wiki kadhaa, zinatosha. Ikiwa bahari nzima ilishindwa, ndoo yako ya kioo itastahimili nini?

Njia yenyewe haina miujiza. Nunua daftari la shule. Andika joto, chumvi na ualkali kwa saa ile ile kila siku, pamoja na kila ulichoongeza na kila mara stima zilipopotea. Badilisha kitu kimoja tu, kisha ngoja wiki mbili ukiangalia. Ukibadilisha vitatu kwa pamoja na tumbawe likapona, hutajua kilichoponya, na likifa hutajua kilichoua. Hali ya pekee ya kuharakisha ni sumu: hapo badilisha maji mara moja na uweke mkaa wa kuchujia.

Najua utasema vipimo ni ghali. Ni kweli, na vingine vinauzwa kwa bei ya kushangaza. Lakini linganisha na bei ya matumbawe uliyokwisha kuzika. Kama mwezi huu mfuko unaruhusu kitu kimoja tu, chukua kipimo cha ualkali, na lile tumbawe la kijani ulilolipenda liache dukani.