*KIMYA CHA FAILI SI UZIMA WA GOTI*

*Tamko la Kamati ya Tawi kwa wanachama wote*



Wiki iliyopita mwenzetu mmoja aliyetumikia jeshi la Marekani aliandika hapa kwenye kundi kwamba amekataliwa fidia ya magoti, akauliza nani anajua mambo ya rufaa. Majibu mawili ya kwanza aliyopata yalikuwa haya: "Achana nayo, utapoteza muda," na "Tumekuja huku kufanya kazi, si kuombaomba." Kamati imekutana na imeamua isinyamaze. Majibu yote mawili ni makosa, na hilo la pili linatutia aibu sisi tunaojiita chama kinachosimama na mfanyakazi.

*Kwanza, hili la kuombaomba.* Fidia ya ulemavu si sadaka. Mtu alitia saini, akabeba mzigo mgongoni, akaruka kutoka kwenye malori, akakimbia juu ya lami kila alfajiri kwa miaka. Sheria ya nchi inasema mwili ulioharibikia kazini hulipwa. Mwaka 2025 ulemavu wa asilimia 10 ulilipwa dola 175.51 kwa mwezi. Hizo hazimtajirishi mtu, wala hazifiki kodi ya chumba. Mfanyakazi wa ghala akiumia mgongo tunamwambia adai haki yake. Kwa nini askari tumwambie anyamaze?

Tena tukumbuke: jeshi la Marekani lilipoanza mwaka 2009 kuandikisha wahamiaji kwa mpango wa MAVNI, Kiswahili kilikuwamo kwenye orodha ya lugha zilizotafutwa. Lugha yetu ilikuwa na thamani siku ya kuandikishwa. Maumivu yetu nayo yawe na thamani siku ya kudai.

*Pili, hili la kupoteza muda.* Hoja inayotumika sana kuwakataa wenye magonjwa ya viungo ni kwamba rekodi za jeshini hazionyeshi walipolalamika. Hii ndiyo hoja tunayoipinga kwa nguvu zote. Jeshini mtu hafundishwi kulalamika, hufundishwa kuvumilia. Anayekwenda zahanati kila mara huitwa mvivu, kwa hiyo wengi humeza vidonge vya maumivu na kurudi kwenye mstari. Miaka 15 baadaye viungo vimesagika, na uvumilivu uleule unageuzwa kuwa ushahidi kwamba hakuumia. Anayeadhibiwa hapo ni yule aliyefanya alichoamriwa.

Mwaka 2006, katika kesi ya Buchanan dhidi ya Nicholson, mahakama ya rufaa ya shirikisho ilisema kwamba kukosekana kwa rekodi za matibabu za wakati ule, peke yake, hakutoshi kuyafanya maelezo ya askari yasiaminike.

Angalieni na jinsi viungo vinavyopimwa. Goti zima hukunjika mpaka nyuzi 140. Kwa jedwali la VA, anayeishia nyuzi 60 hupata sifuri kwa kipimo cha kukunja, na asilimia 10 inaanzia nyuzi 45. Mtu anafika kwenye miadi asubuhi, amepumzika na amemeza dawa. Anakunja goti mara chache, inaandikwa namba, basi. Hakuna anayeona usiku wa baridi anaposhindwa kupanda ngazi za nyumba yake.

Lakini kanuni ya 4.59 ya idara hiyohiyo inasema kiungo kinachouma kinapotumika kinastahili angalau kiwango cha chini cha malipo. Mwaka 2016, kesi ya Correia ilitaka kiungo kipimwe kikibeba uzito na kisipobeba, mtu akikikunja mwenyewe na akikunjiwa na mwingine. Mwaka 2017, kesi ya Sharp ilisema daktari anayepima hawezi kukataa kukadiria hali ya siku mbaya eti kwa sababu hakumwona mgonjwa siku hiyo. Anapaswa kumuuliza mgonjwa. Mwaka 2025, kesi ya Ingram ilisema pale jedwali lisipotaja dawa, nafuu inayoletwa na dawa isitumike kumshushia askari kiwango.

Kesi hizi zote zilifunguliwa na watu walioambiwa hapana. Kama wangesikiliza ushauri wa "achana nayo," leo tusingekuwa na la kushika mkononi.

Tunajua mtasema wapo wadanganyifu. Ndiyo, wapo, na washtakiwe. Lakini huwezi kuwanyima wakweli wote kwa kumwogopa mwongo mmoja. Sheria yenyewe imeshaamua: ushahidi wa pande mbili ukikaribia kulingana, shaka huamuliwa kwa faida ya askari.

*Kwa mwenye barua ya kukataliwa:* usiitupe. Soma tarehe yake. Tangu Februari 2019 kuna njia tatu, na una mwaka mmoja tangu tarehe ya barua kuchagua mojawapo bila kupoteza tarehe ya dai lako la mwanzo, ambayo ndiyo hesabu ya malipo ya nyuma.

1. Dai la nyongeza, ukiwa na ushahidi mpya unaohusika.
2. Mapitio ya ngazi ya juu, kama ushahidi ulikuwapo ila umesomwa vibaya. Hapa hupokewi karatasi mpya.
3. Bodi ya Rufaa za Maveterani, mbele ya jaji, ambako unaweza kuomba usikilizwe.

Bodi nayo ikikataa, una siku 120 kwenda mahakamani.

Andika siku zako mbaya: ni ngapi kwa mwezi, zinadumu saa ngapi, unashindwa kufanya nini. Mke anayekuvalisha soksi asubuhi ni shahidi. Rafiki uliyelala naye hema moja ni shahidi. Waandike na kutia saini.

Na jihadharini na "washauri" wanaoahidi ushindi kwa kukata fungu la malipo yako. Sheria inakataza asiyesajiliwa kutoza kwa kuandaa madai haya, lakini adhabu ya jinai ya kosa hilo iliondolewa mwaka 2006, ndiyo maana wanatamba mchana kweupe. Wawakilishi waliosajiliwa wa vyama vya maveterani hawatozi hata senti kuandaa dai.

*Kamati imeazimia:*

Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, baada ya kikao, tutakaa na wenye barua tuzisome pamoja na kusaidia kuandika maelezo ya mashahidi. Wanaojua Kiingereza cha ofisini wajitolee.

Mgombea yeyote wa Congress atakayekuja kuomba kura zetu ataulizwa maswali mawili mbele ya wanachama. Je, atapiga kura kurudisha adhabu kwa wanaowatoza maveterani kinyume cha sheria? Je, atasimamia viungo vipimwe kama mahakama zilivyoagiza, badala ya kumwachia kila askari apambane peke yake mpaka mahakamani? Atakayejibu kwa kuzungukazunguka, tutaandika hapa kwamba alizungukazunguka.

Na waliomjibu mwenzetu vile, tunawaomba kwa heshima wamtafute wamwombe radhi. Hatutaji majina, wanajijua. Yeye magoti yanamuuma. Asiumwe na moyo pia kwa maneno yetu.

Mwenye jirani au ndugu aliyetumikia jeshi, mfikishie tamko hili leo. Mwaka mmoja huisha haraka.

Umoja ni nguvu.

_Imetolewa na Kamati ya Tawi kwa niaba ya wanachama._