Mtoto anayefungua kila kitu, na kisa cha mikono ya gia ya kujitengenezea

Kila ukoo una mtoto wa namna hii. Redio ikinunuliwa Jumamosi, Jumapili imefunguliwa mgongo. Baiskeli ya mgeni ikiachwa uani, mwenyewe akirudi haina mnyororo. Akitimiza miaka 15 anaanza kulizungukia gari la baba, na hapo nyumba inagawanyika. Mama anasema mtoto ana kipaji, apelekwe gereji akafundishwe. Baba anasema mtoto ni mharibifu, afichiwe spana.

Ugomvi huo ulizisumbua sana familia za kusini mwa California, Marekani, katika miaka ya 1930 na 1940. Vijana wa huko walikuwa wamegundua kwamba mkweche wa Ford ulionunuliwa kwa bei ya kutupa unaweza kuvuliwa mabawa na boneti, ukapunguzwa uzito, ukawekewa injini yenye nguvu, na ukaliacha nyuma gari jipya la tajiri. Magari hayo yaliitwa hotirodi. Wazazi waliona moshi, kelele na madoa ya oili kwenye sakafu. Polisi waliona ajali, kwa sababu mashindano mengi yalifanyika barabarani, usiku.

Sehemu moja ya magari hayo inaeleza habari yote ya mtoto wa spana kuliko nyingine yoyote, nayo ni gia. Injini ndiyo iliyosifiwa. Lakini gia ndiyo iliyoonyesha nani ni fundi na nani anabahatisha.

Tuanze na Ford Model T, iliyotengenezwa kuanzia 1908 hadi 1927 na ambayo mabaki yake ndiyo yalikuwa rahisi kuyapata. Dereva wa leo akiingizwa ndani yake hatatoka hata getini. Ina pedali tatu, lakini hakuna ya mafuta. Mafuta yanaongezwa kwa mkono, kwa kijiti kilicho chini ya usukani. Pedali ya kushoto ikikanyagwa hadi mwisho ni gia ndogo, ikiachiwa ni gia kubwa, katikati ni frii. Pedali ya kati ni rivasi. Ya kulia ndiyo breki. Gia ni mbili tu za kwenda mbele.

Model A iliyofuata ilileta mkono wa gia unaosimama kwenye sakafu, na gia tatu. Aliyeendesha malori ya zamani anajua shida yake. Ndani ya giaboksi, magurudumu yenye meno yanazunguka kwa mwendo tofauti, na ukiyakutanisha kwa nguvu yanasaga, yanalia mpaka mtaa unageuka. Ili kushuka gia, dereva anakanyaga klachi, anaweka frii, anaachia klachi, anaongeza mafuta kidogo, anakanyaga klachi tena, ndipo anaingiza gia ndogo. Yote hayo kwenye kona, mkono mmoja ukiwa kwenye usukani. Cadillac ilileta dawa mwaka 1928: sehemu za ndani zinazosawazisha mwendo wa meno kabla hayajakutana. Ford ya 1932, ile yenye injini ya V8 ya bei nafuu, ikaja na msaada huo kwenye gia ya pili na ya tatu. Gia ya kwanza ikabaki ya kubembeleza.

Vijana wakawa na kipenzi chao: giaboksi ya Ford ya 1939. Ilikuwa imara kuliko zilizotangulia, na mkono wake ulikuwa bado kwenye sakafu. Mwaka uliofuata Ford ikauhamishia mkono kwenye nguzo ya usukani, kama viwanda vingine vya wakati ule, ili abiria wa tatu aweze kukaa katikati ya kiti cha mbele bila kugongwa goti. Kwa familia ilikuwa nafuu. Kwa kijana mwenye haraka ilikuwa balaa, na ndipo ufundi wa kujitengenezea ulipoanza kwa kweli.

Mkono ulio kwenye usukani haugusi giaboksi. Unavuta na kusukuma rodi mbili zinazoshuka chini ya gari hadi kwenye vikono viwili vilivyo ubavuni mwa giaboksi. Kikono kimoja ni cha gia ya kwanza na rivasi, kingine ni cha ya pili na ya tatu. Kila kiungo cha rodi kina bushi, na kila bushi inalika. Bushi zikiisha, mkono unacheza kama jino la mtoto wa miaka sita. Mbaya zaidi, ukitoka gia ya kwanza kwenda ya pili kwa haraka, rodi zinaweza kunasana njiani na gia ikagoma kutoka wala kuingia. Dereva anashuka, anafungua boneti, anaziachanisha kwa mkono, huku walio nyuma wakipiga honi.

Basi kijana akakata tundu kwenye sakafu. Akatafuta chuma, akakikunja, akachomelea, akafunga rodi mpya fupi, na kuweka mkono wake mwenyewe. Juu yake akapachika alichokipata: mpira wa meza ya biliadi, kitasa cha mlango, hata pistoni ya injini iliyokufa. Picha za magari hayo zinachekesha, na baadhi ya mikono hiyo ni mizuri kuliko ya kiwandani.

Mingi ilifanya kazi vizuri gari likiwa limesimama. Barabarani ilishindwa, na sababu yake ni somo zuri kwa mtoto yeyote. Injini na giaboksi vimefungwa pamoja, na vimekaa juu ya mipira inayopunguza mtikisiko. Dereva akikanyaga mafuta kwa nguvu, injini inajipinda kidogo juu ya mipira hiyo, na giaboksi inajipinda nayo. Sakafu haijipindi. Kijana aliyefunga mkono wake kwenye sakafu alikuwa amefunga kamba kati ya mtu anayecheza ngoma na mtu aliyesimama wima. Gia ikachomoka yenyewe, tena wakati ule ule nguvu inapohitajika. Aliyeufunga mkono kwenye giaboksi yenyewe, ukacheza nayo, hakupata shida hiyo. Vitu viwili, chuma kile kile na kazi ile ile. Tofauti ni mahali pa boliti tatu.

Mtoto akifika hapo, akauliza kwa nini gia inachomoka kwenye mlima lakini si kwenye tambarare, hajaharibu gari. Anasoma. Wazazi wengi hawaioni hatua hiyo kwa sababu imepakwa grisi.

Lakini baba anayeficha spana naye si mjinga. Ndani ya giaboksi kuna kizuizi cha kuhakikisha gia mbili haziingii kwa pamoja. Kizuizi hicho kikiisha, au fundi chipukizi akikitoa bila kujua kazi yake, gia mbili zikiingia pamoja zinajifunga, na magurudumu ya nyuma yanafunga nazo gari likiwa kwenye mwendo. Kuna pia klachi na flaiwili, ambavyo vinazunguka karibu kabisa na miguu ya dereva. Flaiwili ya kiwandani ilipozungushwa kwa kasi ambayo haikutengenezewa, iliweza kupasuka, na vipande vyake vilipita kwenye sakafu kama risasi. Ndiyo maana wakimbizaji wa magari wakaanza kuizungushia ngao nene ya chuma, na baadaye kanuni za mashindano zikailazimisha.

Hata bingwa hakusalimika. Tarehe 8 Machi 1970, katika uwanja wa Lions, Long Beach, California, Don Garlits aliondoka kwenye mstari akiwa na giaboksi ya gia mbili iliyobuniwa kwenye karakana yake. Ikapasuka chini ya miguu yake. Gari likakatika vipande viwili, na sehemu ya wayo wake wa kulia ikaondoka. Mtazamaji mmoja naye aliumia vibaya. Garlits alikuwa na miaka 38, na alikuwa amejenga magari tangu ujana. Akiwa bado anauguza jeraha alianza kuchora gari jipya ambalo injini na gia zingekaa nyuma ya dereva badala ya mbele. Mwaka 1971 alishinda nalo mashindano makubwa ya Pomona, na baada ya miaka michache karibu kila mshindani wa daraja lake alikuwa ameiga.

Swali kwa mzazi basi ni nani anasimama karibu na mtoto anapoishika spana.

California ilijibu polepole. Vijana walikuwa wakienda kukimbizana kwenye maziwa makavu ya jangwani, kama Muroc, na mwaka 1937 klabu zao ziliungana kuweka utaratibu na kupima muda. Baada ya vita kuu, askari vijana walirudi nyumbani wakiwa wamejifunza ufundi jeshini, na magari yakazidi kuwa ya kasi. Mwaka 1950, C.J. Hart na wenzake walifungua mashindano kwenye kiwanja cha ndege cha Santa Ana. Mkewe Peggy alikuwa miongoni mwa waliokimbiza magari hapo. Mwaka 1951 Wally Parks, mhariri wa jarida la Hot Rod, alianzisha chama cha NHRA ili mashindano yaondoke barabarani. Mashindano ya kwanza rasmi ya chama hicho yalifanyika Pomona mwezi Aprili 1953, kwenye eneo la maegesho, na polisi wa mji ule walisaidia. Sajenti mmoja wao, Bud Coons, baadaye aliacha kufukuza vijana na kuzunguka nchi na chama kuwafundisha miji mingine jinsi ya kuandaa mashindano salama.

Kilichobadilisha mambo zaidi, kwa maoni ya ukurasa huu, ni meza ya ukaguzi. Kabla ya kukimbia, kila gari lilikaguliwa na mtu mzima aliyejua anachotazama: breki, usukani, mkanda, boliti zilizolegea. Kijana aliyechomelea vibaya hakutukanwa, aliambiwa akarudie. Kwa wengi wao, huenda hiyo ilikuwa mara ya kwanza mtu mzima kuitazama kazi yao kwa makini.

Baadhi ya kazi hizo zilifika mbali. George Hurst wa Pennsylvania alianza na karakana, akitengeneza mikono ya gia ya sakafuni iliyo imara kuliko ile ya kuungaunga. Pontiac GTO ya 1964 yenye gia za mkono ilitoka kiwandani ikiwa na mkono wa Hurst. Jina lake sasa linajulikana zaidi kwa zimamoto: aliona dereva wa mashindano akikwama ndani ya gari lililoharibika, na kutoka kwenye wazo hilo kikapatikana chombo cha haidroliki cha kukata na kupanua vyuma ili majeruhi atolewe.

Na si wavulana peke yao. Shirley Muldowney alianza akiwa msichana, akikimbizana mitaani huko Schenectady, New York. Alikuja kuwa bingwa wa daraja la juu kabisa mwaka 1977, 1980 na 1982, na mwanawe John alikuwa kwenye timu ya mafundi wake. Binti anayeomba kushika spana asipelekwe jikoni kwa sababu hiyo tu.

Kwa familia yenye mkweche uani, mambo machache hayana mjadala. Mtoto haingii chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki peke yake. Liwekewe stendi za chuma, na magurudumu yaliyo chini yazuiwe kwa mbao au mawe. Hachomelei karibu na tangi la mafuta. Kazi ya breki na usukani inapitiwa na fundi mzima kabla gari halijatoka. Mengine ni ya kuzungumza: amefungua nini, kilikuwa kinafanya kazi gani, amekirudisha vipi, na ile nati iliyobaki mezani ni ya wapi. Mzazi asiyejua gari anaweza kuuliza maswali hayo yote manne, na mtoto anayejua alichofanya atayajibu bila kukasirika.

Akisema amemaliza gia, mzazi akae kwenye kiti cha dereva, injini ikiwa imezimwa, akanyage klachi na kuupitisha mkono kwenye kila gia mara kumi, polepole kisha haraka, rivasi ikiwemo. Mtoto asimame pembeni asikilize. Mkono ukigota kwenye gia ya pili hata mara moja, gari halitoki siku hiyo, na anayesubiriwa kwenye harusi ya shangazi apande bodaboda.