Taya Linapouma, Nani Alipe? Waya za Meno kwa Watu Wazima na Somo la Nakuru

Tangu tarehe 1 Oktoba 2024, NHIF ilipoondoka na Mamlaka ya Afya ya Jamii, yaani SHA, kushika nafasi yake, kila mwenye mshahara Kenya hukatwa asilimia 2.75 ya pato lake. Asiye na ajira rasmi hupimiwa kwa hali ya nyumba yake, na kima cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi. Barazani tumejadili sana saratani, figo na gharama za kujifungua, na ni haki kabisa. Taya halitajwi, na hata likitajwa watu hucheka. Mimi naandika kutoka Nakuru, mtu wa Pwani niliyeletwa huku na kazi, nina umri wa miaka 43 na mwezi wa kumi na nne sasa nina waya mdomoni. Nataka tulitazame jambo hili kama suala la sera, kwa sababu linagusa mifuko yetu na pia linagusa maji wanayokunywa watoto wetu.

Kwanza tuondoe dhana moja. Mtu mzima akionekana na waya za meno, husemwa kuwa anatafuta uzuri. Mama mmoja wa Bondeni aliniuliza, "Baba, na umri huu, unataka kuolewa?" Nikacheka naye. Lakini kuna watu wazima ambao taya lao la chini haliketi sawa na la juu. Wengine meno hugongana kwa namna ambayo taya hulazimika kuteleza upande mmoja kila linapofunga. Wengine meno ya mbele huuma ufizi wa upande wa pili. Wengine magego hulika upande mmoja tu. Mtu huyo akitafuna muhogo wa kuchoma, upande mmoja ndio hufanya kazi. Miaka ikipita, meno hayo husagika, na yakivunjika yeye hulaumu mfupa wa nyama.

Hapo waya zina kazi ya kweli. Husogeza jino polepole, kwa sababu mfupa unaolizunguka huliwa upande unaosukumwa na kujengeka upande linakotoka. Kwa mtoto, daktari anaweza kutumia ukuaji wa taya lenyewe. Kwa mtu mzima ukuaji umekwisha, kwa hiyo meno husogea lakini mfupa wa taya hubaki ulivyo. Tofauti ya mataya ikiwa kubwa, waya pekee hazitoshi, na hapo huhitajika upasuaji wa taya pamoja na waya. Hili mgonjwa anapaswa kuelezwa mapema, kabla ya kutoa hata shilingi.

Sasa jambo zito zaidi, ambalo biashara ya meno haipendi kulitangaza. Maumivu ya kiungo cha taya, yale ya karibu na sikio, yenye mlio wa "tak" ukipiga miayo na kichwa kuuma asubuhi, si lazima yatokane na mpangilio wa meno. Kwa miaka mingi madaktari wengi duniani waliamini kuwa meno yakinyooshwa maumivu hayo yataondoka. Utafiti haukuwaunga mkono. Hakuna ushahidi wa kutosha kuwa waya za meno hutibu au huzuia maradhi ya kiungo cha taya. Mwaka 2020, Akademia za Taifa za Sayansi, Uhandisi na Tiba za Marekani zilitoa ripoti ndefu juu ya maradhi haya. Miongoni mwa yaliyoelezwa humo ni kuwa mgonjwa wa taya huanguka katikati: daktari wa kawaida humwambia aende kwa daktari wa meno, na bima ya matibabu humwambia taya ni jambo la bima ya meno. Ikiwa huko kwa matajiri mambo ni hayo, sisi tujiulize hali yetu.

Ushauri unaotolewa leo ni kuanza na matibabu yanayoweza kurudishwa nyuma: chakula laini kwa muda, kukanda misuli, maji ya moto kwa kitambaa, mazoezi ya taya, dawa za maumivu kwa maelekezo, na kifaa cha plastiki cha kuvaa usiku kwa anayesaga meno usingizini. Wengi hupata nafuu hapo hapo. Waya na upasuaji hubadilisha mdomo moja kwa moja, basi visiwe hatua ya kwanza.

Nasema haya kwa sababu nimeyaona. Kliniki ya kwanza niliyoingia, ambayo sitaitaja, ilinitazama mdomo kwa dakika kumi, haikupiga picha ya eksirei, ikaniandikia bei ya zaidi ya laki moja na nusu na kuniahidi kuwa maumivu yote yatakwisha. Nikaaga, nikaondoka. Daktari wa pili alinipa miezi minne ya mazoezi na kifaa cha usiku. Maumivu yakapungua kwa kiasi kikubwa kabla ya waya yoyote kufungwa. Ndipo akaniambia wazi: "Waya nitakuwekea kwa sababu taya lako huteleza kando na magego yanalika. Sikuahidi kuwa mlio utaondoka." Hiyo ndiyo kauli ya mtaalamu. Mlio bado upo, lakini leo natafuna pande zote mbili.

Kwa nini nasema kuna somo la Nakuru? Bonde la Ufa limejengwa kwa mawe ya volkano, na maji ya visima vingi vya huku hubeba madini ya floraidi kwa wingi. Shirika la Afya Duniani limeweka mpaka wa miligramu 1.5 kwa lita moja ya maji ya kunywa. Kuanzia Naivasha, Gilgil na Elementaita hadi Nakuru kuna visima vinavyovuka mpaka huo mara kadhaa. Mtoto anayekunywa maji hayo wakati meno ya ukubwani yanajengeka ndani ya ufizi, takriban miaka minane ya mwanzo, huota meno yenye madoa meupe, kisha ya kahawia, na kwa hali mbaya meno yenye vishimo yanayovunjika kwa urahisi. Floraidi ikizidi sana kwa miaka mingi, hata mifupa na viungo huathirika.

Meno ya namna hiyo humpa daktari wa waya kazi ya ziada. Vibati vinavyogandishwa juu ya jino hutegemea tabaka la nje liwe zuri, na tabaka lililoharibiwa na floraidi mara nyingi haligandi vizuri. Kibati hubanduka, miadi huongezeka, na muda wa matibabu hurefuka. Mtu aliyezaliwa Elementaita anaweza kugharimika zaidi yangu kwa tatizo lile lile la taya, kwa sababu tu ya kisima alichonyweshwa akiwa mdogo.

Wapwani tulio wengi huku tunahitaji kulijua hili. Wewe uliyekuja ukiwa mtu mzima meno yako hayatapata madoa hayo, yalishakamilika zamani. Mtoto wako aliyezaliwa Lanet au Naivasha ndiye aliye hatarini. Na wala kuchemsha maji si dawa: maji huondoka kwa mvuke na floraidi hubaki, hivyo huzidi makali. Maji ya mvua ni salama zaidi kwa upande huu, kwa kuwa hayajapita kwenye mwamba. Wazee wetu wa Lamu na Wasini walijenga majabia ya kukinga mvua. Mabati na tangi vinafanya kazi ile ile hapa Nakuru. Vilevile, Dayosisi ya Kanisa Katoliki ya Nakuru imefanya kazi ya miaka mingi ya kuchuja floraidi kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe, ambao huinasa floraidi maji yanapopita. Ni ujuzi uliopo, karibu, na umejaribiwa. Nakuru ilipewa hadhi ya jiji tarehe 1 Desemba 2021, na jiji lina wajibu wa kumwonyesha mkazi kilichomo ndani ya maji yake.

Huko nyumbani Pwani tuna yetu. Mwezi Mei 2024, kaunti za Mombasa, Kilifi na Taita Taveta zilipiga marufuku muguka, wakulima wa Embu wakapaza sauti, Mahakama Kuu ya Embu ikasimamisha marufuku, na siasa ikatawala. Katika zogo lile lote tulizungumza juu ya akili za vijana na mapato ya wakulima, vyote vikubwa. Taya halikutajwa. Kijana anayetafuna tangu baada ya adhuhuri hadi usiku, na chingamu juu yake, anaifanyisha misuli ya taya kazi ambayo haikuumbiwa. Akija kulalamika kuwa haweza kufungua mdomo, waya za meno hazitamfaa kitu akiendelea kutafuna. Matibabu yake huanza kwa kulipumzisha taya.

Basi sera ifanye nini? Sidai SHA inyooshe meno ya kila anayetaka picha nzuri za arusi. Fedha hazitoshi, na wagonjwa wa figo wana haki ya mbele. Ninachodai ni mstari ulio wazi kati ya urembo na tiba. Mtu ambaye hawezi kutafuna, au taya lake limepinda baada ya ajali ya bodaboda, asiambiwe ni mambo ya uzuri. Pia matibabu ya mwanzo ya kiungo cha taya, yaani ushauri, mazoezi na kifaa cha usiku, ni rahisi kuliko waya. Bima ikiyalipia haya, wengi hawatafika kwenye gharama kubwa. Nazo kaunti sita za Pwani, ambazo zimesimamia hospitali zao tangu ugatuzi wa 2013, zinaweza kupeleka madaktari wa meno kusomea fani hii na kuwarejesha nyumbani, ili mgonjwa wa Lamu asilazimike kupanda basi kila mwezi kwenda mji mwingine kukazwa waya. Matibabu haya huchukua mwaka mmoja na nusu hadi miwili au zaidi. Nauli peke yake inaweza kumfanya mtu ayaache njiani, na waya zilizoachwa njiani huoza meno.

Kwako msomaji unayefikiria waya, uliza maswali manne kabla ya kulipa. Je, anayekutibu amesajiliwa na Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno? Sajili ya baraza hilo iko wazi mtandaoni. Je, atapiga picha ya eksirei kwanza? Je, anatibu meno yasiyokutana, au anaahidi kuondoa maumivu? Na mwisho, baada ya waya kutolewa, ni kifaa gani kitazuia meno yasirudi yalikokuwa, na bei yake imo ndani ya hesabu? Waya zinazouzwa mitandaoni za kujifungia mwenyewe, au za fundi wa saluni, zikwepe kabisa. Jino linalovutwa bila mpango hulegea na kung'oka.

Na ukishafungwa, mabuyu na miwa uage. Nimekaa mwaka na zaidi bila mabuyu ya Mombasa, na hilo ndilo pekee ambalo hakuna bima itakayonifidia.