Kulala Si Kufa: Neno "Dormant"

Juma lililopita mzee mmoja mkulima, mkazi wa Langas, kusini mwa mji wa Eldoret, alinijia na barua mkononi. Ilitoka katika benki alimoweka akiba yake zamani, alipokuwa akiuza maziwa, na ndani yake mlikuwa na neno moja lililomnyima raha: akaunti yake imekuwa "dormant". Kijana mmoja karani alikuwa amekwisha kumfasiria kwamba akaunti hiyo imekufa. Mzee akaona shilingi zake zimezikwa, akataka kuichana barua.

Basi, wasomaji wetu, na tulitazame neno hili. Waingereza walilipata kwa Wafaransa, nao Wafaransa katika Kilatini, na asili yake ni kulala usingizi. Kitu kikiitwa "dormant" kimetulia, hakifanyi kazi kwa muda; lakini uhai wake, au haki iliyomo, ingali ipo, nacho chaweza kuamka.

Mkulima wa Uasin Gishu aliijua maana hii kabla ya kulijua neno. Kiazi kilichochimbwa leo hakichipui kesho, hata kikipandwa katika udongo mwema wenye unyevu. Macho yake hulala majuma kadhaa, na kwa aina nyingine miezi miwili au mitatu. Aina iitwayo Shangi huamka upesi, ndiyo maana haikai ghalani siku nyingi. Kiazi kilicholala ni "dormant". Kiazi kilichooza sicho.

Wanafunzi wa jiografia nao hulikuta neno hili katika habari za milima ya moto. Ol Doinyo Lengai, huko Tanzania, uko macho. Ulilipuka mwaka 2007. Longonot, karibu na Naivasha, umelala, nao ndio "dormant". Mlima Kenya umezimika kabisa, na mlima wa namna hiyo huitwa "extinct". Mwenye kuchanganya maneno haya mawili huchanganya usingizi na mauti.

Hata kiwanda chaweza kulala. Kiwanda cha nguo cha Rivatex, hapo Eldoret, kilielemewa na shida kikasimama karibu na mwaka 2000, na watu wengi wakasema kimekwisha. Mwaka 2007 Chuo Kikuu cha Moi kilikinunua, na mwaka 2019 mitambo mipya ikazinduliwa. Lakini tuangalie vizuri: kiwanda hakikujiamsha chenyewe. Aliyelala huhitaji wa kumwamsha.

Hapo ndipo tunaporudi kwenye barua ya mzee. Akaunti iliyofungwa huitwa "closed". Akaunti "dormant" haijafungwa. Ni ile ambayo mwenyewe hakuweka wala kutoa fedha kwa muda mrefu, na benki imeizuia kidogo ili asije mtu mwingine akaichezea. Mwenyewe akifika na kitambulisho chake, akathibitisha kuwa ni yeye, huamshwa.

Hata hivyo usingizi huo una mpaka wake. Kwa sheria ya Kenya ya mwaka 2011 juu ya mali za fedha zisizodaiwa, akiba ikikaa miaka mitano bila mwenyewe kuigusa wala kuwasiliana na benki, huhesabiwa kuwa imeachwa, nayo hupelekwa kwa Mamlaka ya serikali iliyowekwa kwa kazi hiyo. Hapo napo fedha hazijafa. Mwenyewe, au warithi wake akiwa amefariki, aweza kuzidai, wala Mamlaka haitozi ada kwa madai hayo. Lakini ni nani atakayedai kitu alichoambiwa kimekufa?

Kwa hiyo, ninyi makarani mnaosomea wazee barua zao, fahamuni kwamba mwenye kufasiri barua ya mtu ameshika mali yake mkononi. Neno usilolijua, sema hulijui, kisha uliza. Nanyi wakulima, waambieni watoto wenu mlikoweka akiba, msije mkaondoka duniani na siri hiyo.

Watu husema usingizi ni ndugu wa mauti. Ni ndugu yake, naam, lakini siye yeye. Mzee wetu aliikunja barua yake vizuri, akaitia mfukoni pamoja na kitambulisho, akashika njia ya mjini.