Cheti cha Kijani Kisimsahau Anayetembea



Siku hizi wenye majengo makubwa wana neno jipya: jengo la kijani. Maana yake si rangi ya ukuta. Ni nyumba iliyojengwa ili itumie umeme kidogo na maji kidogo, na ikipimwa ikafaulu hupewa cheti. Cheti kimoja kinachotolewa hapa Uganda huitwa EDGE, nacho ni cha IFC, shirika lililo chini ya Benki ya Dunia. Ili kukipata, jengo lazima lipunguze kwa asilimia 20 umeme, maji, na kaboni iliyotokana na kutengeneza vifaa kama saruji na matofali, likilinganishwa na jengo la kawaida.

Hatupingi jambo hilo. Lakini sisi wa Bwaise tunauliza: magari ya wapangaji yamehesabiwa wapi? Katika mambo hayo matatu, gari halimo. Ghorofa laweza kupata cheti, huku ua wote umemwagwa zege toka ukuta hadi ukuta ili magari yapate pa kulala.

Zege lile linatufikia sisi. Bwaise iko bondeni. Maji ya mvua kutoka Mulago na Kyebando hushuka kwetu kwa mtaro wa Nsooba, kisha huingia kinamasi cha Lubigi. Ardhi yenye majani hunywa maji, zege halinywi. Kila kiwanja kinachozibwa huko juu kinatuma maji huku chini. Na kinamasi chenyewe kimekatwa na barabara ya Northern Bypass, kilomita 21, iliyofunguliwa mwaka 2009 kwa ajili ya magari. Mvua kubwa ikinyesha usiku, mwenzetu wa zamu ya asubuhi huamka godoro limelowa na choo kimefurika. Hata hivyo anatakiwa getini kwa wakati. Akichelewa, anakatwa.

Na getini anafikaje? Kwa miguu. Kima cha chini cha mshahara kiliwekwa mwaka 1984 kuwa shilingi 6,000 kwa mwezi, fedha ambayo leo hailipi hata nauli ya wiki moja ya teksi. Bunge lilipitisha mswada mpya mwaka 2019, Rais hakuutia saini. Basi tusikubali kusifiwa kwamba sisi ndio watu wa kijani kwa kuwa hatuna magari. Sifa hiyo hatuitaki. Tunatembea kwa sababu mfuko ni mtupu, na tunatembea pasipo na njia, bodaboda zikitupita karibu na viwiko.

Cheti cha Marekani kiitwacho LEED huongeza alama kwa jengo linalopunguza maegesho na lililo karibu na mabasi. Wazo ni zuri, lakini lisiletwe nusu. Ukipunguza maegesho na basi halipo, mwenye gari haliachi gari lake. Analipandisha juu ya njia ya miguu, na sisi tunashuka barabarani kugongwa. Mwaka 2012 tuliona mabasi makubwa ya Pioneer mjini Kampala, hayakudumu. Tukabaki na teksi za watu 14 na bodaboda.

Kwa hiyo tunadai hivi:

Kwanza, jengo la kupanga lisiitwe la kijani mpaka maegesho yake yamehesabiwa, na sehemu ya ua wake imeachwa inywe maji ya mvua.

Pili, mwenye jengo atengeneze njia ya miguu mbele ya kiwanja chake, na mahali penye paa pa kuwekea baisikeli. Askari wa zamu na mfagiaji wa jengo hilo nao ni watu wake.

Tatu, waajiri walipe nauli au walete basi la wafanyakazi, na jambo hilo liandikwe katika mkataba wa pamoja, lisiachwe kuwa hisani ya meneja. Basi moja lililojaa hupunguza magari kuliko hotuba kumi.

Ndugu zetu wa mashamba ya miwa na chai, msiseme haya ni ya mjini. Ninyi mnakaa layini, karibu na kazi, na safari fupi ndiyo akiba kubwa kuliko zote. Lakini layini inayovuja, isiyo na maji safi, haiwi nyumba njema kwa sababu tu iko karibu na shamba. Mwajiri atakayeleta habari za majengo ya kijani ofisini kwake, mwambieni aanzie layini.

Jambo hili liletwe katika mikutano ya matawi. Makatibu waandike wanachama wangapi hutembea kwenda kazini, kwa muda gani, na wangapi walichelewa kwa sababu ya mafuriko. Tukikaa mezani na waajiri tuwe na hesabu mkononi. Wao wana vyeti vyao. Sisi tuwe na daftari letu.

Umoja ni nguvu.