Bibi Yetu wa Handeni Hakuwa Aibu ya Kufichwa Chumbani



Leo hatuna pishi wala habari ya mitandio. Tuna jambo la rohoni, na tunaomba mtusome hadi mwisho hata likiwachoma, kwani limetuchoma sisi kwanza.

Sisi ni ndugu watatu, wote wanawake, na aliyetulea ni Bibi mzaa mama, Ng'ambo, nyumba ya uani yenye mlimau. Bibi alizaliwa kijijini upande wa Handeni. Baba yake alikuwa mkulima, na mahindi yakizidi aliyapeleka Korogwe kuyauza kwenye makambi ya mkonge. Bibi akaolewa huko Korogwe, kisha mumewe akamleta Unguja msimu mmoja wa karafuu, wala hawakurudi tena. Hayo ndiyo tuliyoyajua utotoni, na hata hayo tuliyapata kwa kunong'onezwa.

Tulichokijua vyema ni mkono wake. Bibi alipika mlenda kwa magadi kidogo tu, ukiuvuta haukatiki, tukaula na bada. Kisamvu alikitwanga hadi sauti ya mchi ikabadilika, ndipo akasema sasa kuneni nazi. Mpaka leo, watu wazima wenye watoto, tukiwekewa biriani na mlenda mkono unakwenda kwenye mlenda. Lakini siku ya mlenda dirisha la jikoni lilifungwa. Mgeni akibisha hodi, sufuria inasogezwa chini ya meza, inatolewa mikate ya ajemi na chai ya maziwa. Hakuna aliyetueleza sababu. Mtoto haelezwi mambo haya, anayaona tu.

Sababu tuliijua siku ya posa ya dada yetu mkubwa. Wazee wa upande wa pili walikaa barazani, wakasifu halua, wakasoma Fatiha, kisha wakauliza lile swali ambalo nyote mnalijua: asili yenu wapi? Ami akaanza na upande wa baba, akaeleza hadi babu wa nne. Na upande wa mama? Ami akakohoa kidogo. Akasema mama yao ni mtu wa Tanga mjini, ukoo wa Kiarabu, wametawanyika.

Bibi alikuwa chumba cha pili, pazia tu kati yao. Alikuwa amevaa kanga mpya doti nzima kwa ajili ya siku ile. Tulikuwa naye, tulimtazama, hakusema kitu. Aliendelea kukunja leso yake. Kesho yake asubuhi alituomba tumpikie mlenda, na akataka dirisha lifunguliwe.

Sisi tulikuwa watu wazima, tuna ndimi. Tulinyamaza kwa sababu tuliitaka ndoa ile. Bibi alifariki miaka miwili baadaye, na katika miaka hiyo miwili hakuna hata mmoja wetu aliyemwomba radhi. Kwa hiyo tukisema maneno makali hapa chini, jueni tunajisema wenyewe.

Mashoga zetu, kisiwa hiki kina mazoea ya kuwaua bibi wakiwa hai. Tazameni sensa za zamani. Mwaka 1924 zaidi ya watu 30,000 waliandikwa kuwa Waswahili hapa Zanzibar. Mwaka 1931 waliobaki na jina hilo ni kiasi cha 2,000 tu. Hapakuwa na tauni iliyowamaliza. Watu walibadilisha jina la kujiita, kila mmoja akatafuta ubini mwengine wenye heshima zaidi. Wale hatuwalaumu. Wengi walikuwa watoto na wajukuu wa watumwa, na mtu akiitwa mtumwa alikosa kiwanja, alikosa mke, alikosa hata pa kukaa msikitini bila kutazamwa. Walijificha kwa hofu. Sisi tunajificha kwa hofu gani? Nani atatuuza leo?

Na mtizame tofauti hii. Katika njaa kubwa ya miaka ya 1830 Wazigua wengi walipakiwa majahazini. Wengine waliletwa hapa kwetu. Wengine walipelekwa mbali zaidi, Barawa na Marka, pwani ya Somalia. Hao wa Somalia walitoroka mashamba ya mabwana zao wakaingia bonde la Mto Juba, na masimulizi yao yanasema aliyewaongoza ni mwanamke, Wanankhucha. Kule, katikati ya watu wa lugha nyengine, walikaa zaidi ya miaka 150 wakizungumza Kizigua na watoto wao. Vita vya Somalia vilipowafukuza baada ya 1991, baadhi yao walirudi Handeni hiyo hiyo, wakawekwa kambi ya Mkuyu, kisha Chogo, na wengi wakapewa uraia wa Tanzania. Watu waliochukuliwa Somalia waliikumbuka Handeni. Sisi, ambao kutoka Unguja asubuhi unaweza kulala Korogwe usiku, tumeisahau.

Tunawasikia wanaosema: siri ya nyumba ni stara, na dini imetuamrisha kusitiri. Imetuamrisha kusitiri dhambi. Kuzaliwa Handeni ni dhambi ipi? Wengine watatuletea habari ya kufu, na ni kweli nasaba imetajwa katika vitabu vya Shafi wanavyosoma masheikh wetu. Lakini masheikh hao hao watakwambia kuwa hiyo ni haki ambayo mwanamke na walii wake wanaweza kuisamehe. Na Mtume, rehema na amani zimshukie, alimwozesha Zaynab bint Jahsh, binamu yake, kwa Zayd bin Haritha aliyekuwa mtumwa akaachwa huru. Fatima bint Qays, Mkureshi, alimshauri aolewe na Usama, mtoto wa Zayd huyo huyo. Sura ya Al-Hujurat, aya ya 13, inatupa sababu ya kuwekwa makabila, nayo ni kujuana. Sasa sisi tumeligeuza kabila kuwa kitu cha kufichana. Tukifundishwa kujua nasaba zetu, ni ili tuunge jamaa. Utamuungaje mtu uliyesema mbele ya wazee kuwa hayupo?

Mwaka jana tulikwenda. Boti hadi Dar, halafu basi la Lushoto, tukateremka Korogwe tumechoka, miguu imevimba. Tulizunguka soko la Manundu tukitafuta mtu wa kutuelekeza, na mama mmoja muuza kunde alipotusikia tukitaja kijiji akasema mnakwenda kwa nani, ninyi sauti ni ya visiwani lakini sura ni za kwetu. (Mdogo wetu alilia pale pale sokoni, na bado tunamcheka.) Kesho yake tulipanda gari ya Handeni.

Tulimkuta mdogo wake Bibi, macho hayaoni tena. Alitushika viganja mmoja mmoja, akapapasa nyuso. Tulikuwa tumejitayarisha kwa lawama. Alituuliza tu dada yake amezikwa wapi, na nani alimwosha. Tukamwambia sisi ndio tuliomwosha. Akaita wajukuu, akawaambia wenye ukoo wamekuja.

Hatukuelewa, hadi kijana mmoja akatufafanulia: kwa desturi ya Wazigua ukoo unapita kwa mama. Sisi, watoto wa binti wa Bibi, ambao hapa Unguja tunahesabiwa kwa baba peke yake na Bibi ni mtu wa uani, kule ndio ukoo wenyewe. Wala hatusemi dini ifuate mila hiyo, mirathi ina hesabu yake. Tunasema kwamba kulikuwa na nyumba miaka yote hiyo inatuhesabu, na sisi tulikuwa tunafunga dirisha.

Jioni walitupikia mlenda. Magadi yalikuwa mengi kuliko ya Bibi, tukaona afadhali wa kwake, tukaumaliza.

Basi hapa ndipo tulipofika. Enyi mama wa wanaume mnaokuja kuposa, acheni kuliuliza swali la asili kama karani wa forodha. Ulizeni kijana anaswali, anafanya kazi, ana mkono mwepesi wa kupiga au hana. Na ninyi mama wa mabinti, mkiulizwa, msiwape watoto wenu kiapo cha uongo siku ya kwanza ya ndoa yao.

Mtoto wa dada yetu anakuja kuposwa Mfunguo Pili, inshallah. Ami ni mzee sasa lakini bado ndiye msemaji wetu, na tumeshamwambia: akiulizwa upande wa mama aseme Handeni. Amekuna kichwa, amesema tutaona. Tumemjibu kuwa pazia ni lile lile, na akikohoa tu tutasema wenyewe kutoka chumbani.